Mtoto anayetaka kusomea informatike atayarishwe tangu mwaka wa nane

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano mkuu, Baraka



Komite iliniomba niongee juu ya masomo ya informatike. Kila mara matokeo ya Egzetat yakitoka, wazazi wanaleta maombi: mtoto amepata diploma, anataka chuo kikuu ajifunze kutengeneza programu, mfuko umsaidie minervale. Ni ombi zuri. Lakini ukimuuliza alisomea opsioni gani, unakuta ni ile ambayo hesabu zake ni kidogo. Ukimuuliza kama amekwisha kuandika programu hata moja, anajibu kwamba anajua WhatsApp. Hapo tumekwisha kuchelewa miaka minne.

Juu ya nini nasema minne? Opsioni inachaguliwa mtoto akimaliza mwaka wa nane, halafu humanite ni miaka 4. Wengi tunachagua kwa kutazama shule iliyo karibu. Siwezi kumlaumu mtu, barabara zetu mnazijua na franga ni chache. Ila kama shule yenye opsioni ya sayansi inafikika, mtoto huyo aende kule. Kama haifikiki, abaki alipo, lakini atafutiwe mwalimu wa hesabu wa jioni, na aanze mapema, si mwezi mmoja mbele ya Egzetat.

Chuo kikuu nacho kimebadilika. Zamani ilikuwa grade miaka 3, kisha lisansi 2. Sasa katika mfumo wa LMD lisansi yenyewe ni miaka 3, na kila mwaka una krediti 60 za kupata. Profesa anaingia moja kwa moja kwenye algoritimu na hesabu, hatasimama kumfundisha mtu kushika kipanya. Mwanafunzi akianguka mwaka wa kwanza, ni franga za mfuko zimeanguka naye, na yule aliyekuwa anangoja zamu nyuma yake ataendelea kungoja.

Sasa hiyo algoritimu ni nini? Mama zetu wa likelemba, ile tuliyoiita upatu kule Kigoma, wanaifanya kila juma. Sikilizeni: “Anza na jumla sifuri. Kwa kila jina katika daftari, kama amelipa, ongeza franga zake kwenye jumla. Kama hajalipa, andika jina lake kwenye karatasi ya deni. Majina yakiisha, soma jumla.” Njo hiyo. Ndani yake mna mambo matatu ambayo programu nyingi zinayo: kazi inayorudiwa, sharti la “kama”, na hesabu inayotunzwa huku ikibadilika. Mwambie mtoto aiandike katika daftari lake. Kisha muulize: na yule aliyelipa nusu? Mashine haikisii, itafanya kile kilichoandikwa tu. Mtoto anayekaa jioni nzima kutafuta yule wa nusu aandikwe wapi, huyo ameanza kazi yenyewe, na kompyuta bado hajaiona.

Mfano mwingine, huu ni wa katibu wetu. Tuseme daftari la wanachama lina majina 500 bila mpangilio. Kutafuta jina moja unaweza kupitia yote 500. Lakini yakipangwa kwa kufuata alfabeti, unafungua katikati. Jina likiwa mbele, nusu ya nyuma unaiacha, unafungua tena katikati ya ile iliyobaki. Ukiangalia jina moja kila mara, hutapita mara 9. Wasiosadiki wagawe 500 kwa mbili, na tena kwa mbili, wahesabu. (Katibu asikasirike, najua daftari letu lilivyo.) Vijana, haya ni mafundisho ya chuo kikuu kabisa, na yanahitaji bic na karatasi.

Karatasi ikizoeleka, simu inafuata. Luga ya programu ya Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum, ni ya bure, na inafanya kazi hata kwenye simu ya Android kwa programu kama Pydroid 3. Unaipakua mara moja mahali penye intaneti, kisha unaandika bila intaneti. Maneno maalum ya Python yako kama 35 tu, kama “if” na “while”. Mzazi, toa simu yako saa moja jioni. Ni afazali kuliko video.

Maneno hayo ni ya Kingereza, na watoto wengi waliokulia ng'ambo ya ziwa wanadhani Kingereza kitatosha. Hapana. Kwetu hapa profesa anaeleza kwa Kifaransa, na swali la mtihani ni la Kifaransa. Nimeona watoto wenye akili kali ya hesabu wakikosa kwa sababu hawakuelewa swali. Kifaransa, kwangu, kiwekwe sawa na hesabu.

Wafadhili wetu, tunawashukuru, na nawaomba jambo moja. Kompyuta kubwa za mezani zilizozeeka msitutumie. Zinakula umeme kupita laptopu, na umeme ukikatika kazi ambayo haijahifadhiwa inapotea. Laptopu mbili zenye betri nzima, pamoja na paneli ya jua na vitabu vya hesabu vya Kifaransa, zitafanya kazi kuliko kumi za namna ile.

Kwa komite, pendekezo langu liandikwe katika ripoti: sehemu ya mfuko wa masomo ianze kusaidia tangu mwaka wa nane, kwa kulipa mwalimu wa hesabu na wa Kifaransa. Na atakayeomba minervale ya informatike alete daftari lake la algoritimu pamoja na diploma, tulifungue mbele yake, atueleze kurasa tatu.

Mimi nitakuwa hapa kila Jumamosi saa nane. Mtoto aje na daftari la vyumba na bic. Wasichana pia, tena wao nawaomba kwanza, maana kwenye orodha ya maombi niliyopewa sikuona jina la msichana hata moja.