Kaswende: Kipimo si Hakimu



Mama mjamzito anarudi kutoka kliniki, iwe Iramba, Manyoni au hapa Singida mjini. Ameambiwa kipimo kimeonyesha kaswende. Kabla hajaketi, mumewe amekwisha kutoa hukumu: "Haya umeyatoa wapi?" Wiki hii tuizungumzie hukumu hiyo, maana hutolewa kabla ya ushahidi kukamilika.

Kipimo cha damu hakimwoni mdudu wa kaswende mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda kupambana naye. Na askari hao wana majira yao.

Kidonda cha kwanza, kisichouma, hutokea kama wiki 3 baada ya kuambukizwa. Siku hizo askari bado ni wachache, na kipimo chaweza kusema hakuna kitu. Kwa hiyo aliyeteleza juzi na kupimwa leo asijipongeze. Apimwe tena baadaye. Hatua ya pili huleta vipele, hata viganjani na nyayoni. Hapo askari wamejaa, na kipimo hukosea kwa nadra sana. Kisha vipele hupotea vyenyewe. Mgonjwa hudhani amepona, kumbe ugonjwa umejificha, na damu tu ndiyo yenye habari zake. Miaka mingi baadaye huweza kushambulia moyo na ubongo.

Tena askari hao ni wa aina mbili. Aina ya kwanza, kwa watu wengi, hubaki maisha yote hata baada ya tiba. Kipimo cha haraka cha zahanati huwatafuta hao. Aina ya pili hupanda ugonjwa ukipamba moto, na hushuka dawa ikifanya kazi, tuseme kutoka 1 kwa 32 hadi 1 kwa 8. Nyayo za fisi zizini zinakwambia alipita. Hazikwambii kama bado yumo.

Basi mama aliyetibiwa miaka 10 iliyopita huweza kuonyesha kaswende leo, hali amepona. Mwingine huenda ameambukizwa na huyo huyo anayemhukumu.

Je, mjamzito angoje kesi iishe? Hata kidogo. Utafiti wa Mwanza uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba, kati ya wajawazito wenye kiwango kikubwa cha kingamwili ambao hawakutibiwa, 25 katika kila 100 walizaa mtoto mfu, na wengine walizaa kabla ya wakati. Utafiti huo ulionyesha pia kuwa sindano ya penisilini, dozi moja tu, iliwaepusha akina mama na balaa hilo.

La mwisho: askari hao hawazuii maambukizo mapya. Mama akitibiwa na mume asitibiwe, ugonjwa utarudi kitandani.

Kwa hiyo, bwana, acha kumhoji mwenzio mlangoni. Fuatana naye zahanati, nawe unyooshe mkono utolewe damu. Mtoto aliye tumboni hana muda wa kungoja ugomvi wenu.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.