Upatanisho wa Kisarufi na Vigeu vya Skripti katika Kurasa za Kiswahili



Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kazi za namna hiyo huibua kwanza mjadala wa istilahi. Leo nakusudia kujadili sarufi.

Ukurasa wa wavuti hujengwa kwa elementi, na kila elementi huwa na sifa zake, kama vile upana au maelezo ya picha. Skripti huweza kubadili sifa hizo wakati ukurasa umekwisha kufunguliwa: huitaja sifa, kisha huipa thamani iliyohifadhiwa katika kigeu. Thamani ikiwa ni upana wa 200 au 300, hapana neno linaloathirika. Ikiwa ni sentensi ya Kiswahili, hali huwa nyingine.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ukurasa wa wachimbaji wadogo wa Bugarama, katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita, unaonyesha alama tatu: duara, yaani shimo la kuchimbia; kinu cha kusagia mawe; na barabara. Kila alama ina sifa ya maelezo, ambayo programu ya kusoma skrini humtamkia mtumiaji asiyeona. Mwandishi wa skripti ameweka nomino katika kigeu, lakini kitenzi amekiandika mara moja tu: "imefungwa". Matokeo yake ni "duara imefungwa" na "kinu imefungwa".

Je, kosa hili ni la urembo tu? La hasha. Kiswahili huruhusu nomino iachwe, kiambishi cha upatanisho kikabeba maana yake. "Limefungwa" ni duara. "Kimefungwa" ni kinu. "Imefungwa" ni barabara. Maelezo yakifupishwa, asikiaye "imefungwa" ataikwepa barabara na kushuka katika shimo lililopigwa marufuku.

Yaweza kupendekezwa kwamba kila nomino ihifadhiwe pamoja na viambishi vyake: *li-* na *ya-* kwa duara, *ki-* na *vi-* kwa kinu. Pendekezo hili lafaa, ila halitoshi. Katika ukanushi tunapata "halijafungwa" na "hakijafungwa", lakini kwa mchimbaji tunasema "hajasajiliwa", si "haajasajiliwa". Kuunganisha vipande kimakanika hakufuati kanuni hiyo. Idadi nayo ina mambo yake: maduara mawili, matatu, lakini maduara sita, saba, tisa. Kwa hiyo ni salama zaidi kuhifadhi sentensi kamili kwa kila ngeli, kisha kigeu kichague miongoni mwake.

Vilevile, skripti ibadilipo lugha ya ukurasa, sharti ibadili na sifa ya *lang* iwe *sw*; vinginevyo programu ya kusoma skrini huenda ikatamka Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza.

Nahitimisha kwa kusema kwamba ngeli si mada ya darasa la isimu pekee. Mwanaisimu na mwandishi wa programu wakae meza moja kabla ya skripti kuandikwa.