Bi. Ormerod Aliwauliza Wakulima

(Maneno tuliyosema katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia)



Tukitembelea vikundi tunasikia neno moja: "Sisi hatukusoma, mambo ya wadudu ni ya afisa wa kilimo." Basi leo tumewaletea habari za mwanamke wa Uingereza ambaye naye hakuingia darasani.

Eleanor Ormerod alizaliwa mwaka 1828, kitinda mimba wa watoto kumi. Baba yake alikuwa na mashamba makubwa, hilo tusilifiche, njaa hakuijua. Lakini wasichana wa siku zile hawakupelekwa chuo kikuu. Mwaka 1852 akaanza kujifunza wadudu peke yake, kwa kitabu kuhusu wadudu wenye mabawa magumu, ndugu za huyu fukusi wa mahindi.

Mwaka 1868 chama kikubwa cha kilimo cha bustani huko kwao kilitangaza kwamba kinakusanya wadudu waharibifu na wale wenye faida. Bi. Ormerod aliwaendea nani? Vibarua wa shamba la baba yake! Hao ndio waliomletea wadudu, maana ndio waliokutana nao kila siku.

Kuanzia mwaka 1877 akawa anawaandikia wakulima, akiuliza wameona wadudu gani na wameleta hasara gani. Majibu yakaja kwa barua. Kila mwaka aliyapanga akatoa ripoti, kwa pesa zake mwenyewe, mpaka mwaka 1900. Dada yake Georgiana alimsaidia kuchora picha.

Tuchukue mfano wa nzi mmoja wa ng'ombe wa kule, si mbung'o wetu. Mabuu yake hukaa chini ya ngozi ya mgongo, kila buu limetoboa tundu la kupumulia. Ngozi ikifika kwa mtengeneza viatu imejaa matundu, bei inaanguka. Bi. Ormerod aligawa karatasi bure akieleza: kamua buu litoke, au paka mafuta mazito juu ya tundu likose hewa. Huko Bunbury, mwalimu mmoja aliwatuma wanafunzi wake wakakamue ng'ombe wa nyumbani. Watoto wa shule, jamani!

Toka mwaka 1882 hadi 1892 alikuwa mshauri wa wadudu wa chama cha kifalme cha kilimo, bila mshahara. Mwaka 1900 Chuo Kikuu cha Edinburgh kilimpa shahada ya heshima ya sheria, mwanamke wa kwanza kuipata hapo. Alifariki mwaka 1901.

Alikosea pia. Aliwahimiza wenye miti ya matunda wanyunyizie unga wa kijani wenye aseniki ili kuua viwavi. Viwavi walikufa kweli, lakini aseniki ni sumu kwa mtu pia na hubaki udongoni. Siku hizi haitumiki tena. Kwa hiyo mtu akiwauzia dawa sokoni bila karatasi ya maelezo, msinunue, hata akiwa amevaa koti jeupe.

Sasa daftari. Kila kikundi kimepewa moja. Katibu aandike tarehe, zao, mdudu, na mlichojaribu, hata kama ni jivu tu na halikusaidia. Asiyeandika amwambie katibu. Mdudu msiyemjua mtieni kwenye chupa yenye kifuniko, mje naye mkutano ujao.