Tutazame Kabla ya Kufyatua



Usiku wa tarehe 11 Julai 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege 144 za Marekani ziliondoka Tunisia zikiwa na askari wa miavuli kwenda kisiwa cha Sicily. Mahali walipokwenda kushuka palikuwa pamekwisha kutekwa na wenzao. Lakini wenzao hao walikuwa wameshambuliwa na ndege za adui mchana kutwa, nao walijaa hofu na uchovu. Kundi la kwanza lilipita salama. Kisha ikalia bunduki moja ya rashasha. Zikafuata nyingine, nchi kavu na melini. Ndege 23 hazikurudi. Waliozitungua walikuwa ndugu wa upande mmoja.

Msiba huo ulikuwa fundisho. Siku chache kabla ya kuvuka bahari kwenda Normandy, nchini Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, mafundi waliamriwa kuzipaka ndege zao milia mitano kuzunguka mabawa na kiwiliwili: mitatu myeupe, miwili myeusi. Amri ilifichwa hadi mwisho, adui asije akaiga alama hiyo. Ikawa kazi ya haraka, na ndege nyingi zilipakwa kwa mkono, milia ikatoka imepinda.

Tuangalie vema: rangi haizuii risasi. Nguvu yote ya alama ile ilikuwa katika jicho la mpiga mzinga, aliyepaswa kutazama kabla ya kufyatua.

Wapendwa, sisi nasi tumetiwa alama katika Ubatizo, alama isiyofutika. Na Bwana wetu, karibu na mateso yake, aliwaambia wanafunzi kwamba watu watawatambua kwa kupendana kwao. Hata hivyo, katika jumuiya zetu ndogondogo hutokea mara nyingi kwamba mmoja anarusha neno la shutuma, na sote tunafuata, pasipo kutazama ni nani apitaye. Mjane anaacha kuja kusali. Katekista anavunjika moyo. Kijana anaondoka asirudi tena. Hao hawakuangushwa na adui wa Kanisa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Tutasema tulikuwa na hofu, tutasema tulichoka. Hata wale wa Sicily walikuwa na hofu na uchovu, lakini waliokufa walikufa.

Basi juma hili, tusikiapo neno baya juu ya ndugu yetu, tusiifuate bunduki ya kwanza. Tumwendee mwenyewe, tumsikilize. Huenda alama yake imepinda, kwa kuwa maisha yake yalipakwa kwa haraka na kwa shida. Lakini ni alama ile ile tuliyo nayo sisi.

Mungu atujalie macho ya kutambuana na ulimi wenye subira. Amina.