Jina la Mzee

Somo letu la leo ni Luka 3, kuanzia mstari wa 23.

Sisi watu wa Kisian tumezoea njia panda. Ukitoka Kisumu ukafika hapa kwetu, barabara moja yapanda kwenda Maseno na Busia, na nyingine yashika upande wa ziwa kwenda Bondo. Mwezi wa Oktoba 2025 watu wengi walishika njia hiyo ya Bondo kwenda kumzika Raila Odinga. Alizikwa tarehe 19 katika boma la baba yake, Kang'o ka Jaramogi. Vijana wetu waliozaliwa baada ya mwaka 1994 hawakumwona mwenye boma hilo. Basi na tumkumbuke.

Jaramogi Oginga Odinga alizaliwa mnamo mwaka 1911 huko Sakwa, Bondo. Alisoma Maseno, Alliance na Makerere, kisha akawa mwalimu. Alipobatizwa alipewa majina mawili ya Biblia, Obadia na Adonia. Baadaye akayaweka kando, akatumia majina ya kwao. Naye alipopata watoto, akataka wabatizwe kwa majina ya kwao vilevile. Makasisi wa wakati ule walikataa. Walidhani jina la babu ni jina la gizani. Mzee hakurudi nyuma, na watoto wake walikua wakajulikana kwa majina hayo hayo.

Ndugu zetu, hapa sisi wa Kanisa hatuna budi kukiri. Tuliwafundisha watu wamwonee haya babu aliyewazaa, kana kwamba Mungu hakuwako ziwani kabla ya meli na reli kufika. Lakini tazameni somo letu. Luka anapotuandikia habari za Mwokozi, anataja majina zaidi ya sabini ya wazee wake, kutoka Yusufu, kupitia Daudi na Ibrahimu, hata Adamu. Wengi wao hatujui walifanya kazi gani wala walikaa wapi. Hatuna habari nyingine yao ila jina tu. Hata hivyo Roho Mtakatifu hakuona ni kupoteza wino kuyaandika. Mwana wa Mungu hakuona haya kuwa na babu.

Mzee huyu alijua uzito wa jina. Mwaka 1947 aliwaongoza watu wachange shilingi zao katika chama cha akiba na biashara, wakajenga nyumba mjini Kisumu na kuiita Ramogi, jina la babu yao. Mwaka 1958, Jomo Kenyatta alipokuwa bado kifungoni na wengi wakiogopa hata kumtaja, Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria akamtaja yeye na wenzake kuwa ndio viongozi wa watu. Alizomewa, hata na wenzake Waafrika. Miaka michache baadaye nchi nzima ilikuwa ikisema kama yeye.

Hatusemi kwamba alikuwa mtu asiye na kosa. Alioa wake zaidi ya mmoja, na katika jambo hilo yeye na Kanisa hatukuwa na neno moja. Tena alionja uchungu. Alikuwa Makamu wa Rais, akajiuzulu mwaka 1966. Mwaka 1969 akawekwa kizuizini na serikali ya yule yule ambaye alimtaja kwa jina wengine waliponyamaza. Alitoka mwaka 1971, akaendelea, akazeeka, wala sauti yake haikuzimika. Alifariki tarehe 20 Januari 1994, akiwa amepita miaka themanini ambayo Zaburi ya 90 yaihesabu kuwa ni ya wenye nguvu.

Je, mzee kama huyu huwaachia nini watoto wake? Ng'ombe hufa, na shamba hugawanywa mpaka likabaki kipande. Mithali 22:1 yatufundisha kwamba jina jema lapita mali nyingi. Lakini jina halirithiwi kwa kuandikwa katika kitambulisho tu. Hurithiwa kwa kusimuliwa. Mtoto anayeitwa Onyango asipoambiwa Onyango wa kwanza alikuwa mtu wa namna gani, alivyolima, alivyokosa, alivyotubu, huyo amepewa kibuyu kisicho na maji.

Katika maboma yetu hapa Kisian wako wazee ambao leo wameketi kivulini peke yao. Tunawapelekea sukari na blanketi, nasi twafanya vema. Ila ni mara ngapi tunaketi tukawauliza? Tunangoja matanga, halafu tunasoma wasifu mrefu mbele ya sanduku, na mwenyewe hasikii. Tena yale tusiyoyauliza yamekwenda naye. Tusingoje. Jumapili hii baada ya ibada, mchukue mtoto wako umpeleke kwa babu yake au kwa nyanya yake. Mwulize: jina la mtoto huyu lilitoka wapi? Kisha nyamazeni, msikilize.

Tuombe. Ee Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo, wewe uliyekubali kuitwa kwa majina ya wazee, utusamehe pale tulipowadharau wetu. Uwatunze waliobaki nasi. Uwape watoto wetu masikio ya kusikia, na majina yetu sote uyaandike katika kitabu cha uzima. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.