Kalenda ya Chama na Ruhusa za Kompyuta
Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Chama cha ushirika huendeshwa kwa mikutano. Tarehe ya mkutano isipomfikia mwanachama, kura yake imepotea, ijapokuwa jina lake limo daftarini. Kwa sababu hiyo katibu mwenye kompyuta hupenda kuandika tarehe mara moja tu katika jedwali la Google Sheets, kisha programu ndogo ya Apps Script izihamishie katika Google Calendar, ili wajumbe wazione katika simu zao. Mpango huo ni mwema. Walakini mara nyingi kompyuta hujibu kwamba haina ruhusa, na tarehe haziendi.

Wengi wakifika hapo hufungua kila mlango: kalenda huwekwa wazi kwa watu wote, na nywila ya ofisi hugawiwa ovyo. Hiyo si dawa. Mtunza ghala aliyepotewa na ufunguo mmoja hang'oi milango yote. Inapasa kuuliza kwanza: programu hii inatenda kazi kwa jina la nani? Maana kompyuta haina mamlaka yake yenyewe. Hutumwa na mwenye akaunti, kama karani atumwavyo benki kwa barua ya chama. Baada ya swali hilo, mambo matatu yakaguliwe kwa utaratibu.

Kwanza ni idhini ya programu. Inapoendeshwa mara ya kwanza, mwenye akaunti huulizwa kama anakubali kalenda yake iguswe. Idhini ya kusoma siyo idhini ya kuandika. Iwapo iliyotolewa haitoshi, ifutwe katika sehemu ya usalama ya akaunti, programu iendeshwe tena kwa mkono, na maneno ya ombi yasomwe kabla ya kukubaliwa.

Pili ni ruhusa ya kalenda yenyewe. Mwenye kalenda anaweza kumpa mwenzake uwezo wa kuona tu kama ana nafasi, au wa kuona maelezo yote, au wa kubadili matukio, au wa kubadili pamoja na kusimamia ugawaji. Programu ya kuandika tarehe huhitaji uwezo wa kubadili matukio; zaidi ya huo hauna haja. Aidha, akaunti inayotumika iwe imeiongeza kalenda hiyo katika orodha yake, ama sivyo Apps Script itapata jibu tupu. Katika programu nyingine zinazounganishwa na Google Calendar, namba za makosa husaidia. Namba 401 huonyesha kwamba kitambulisho hakifai au muda wake umekwisha. Namba 403 mara nyingi huonyesha kwamba mtumaji anajulikana lakini hana ruhusa. Namba 404 husema kalenda haikuonekana. Pengine ipo, ila akaunti hiyo haijaruhusiwa kuifikia.

Tatu ni kichochezi, yaani amri inayoianzisha kazi. Amri ya kawaida iitwayo onEdit huamka kila jedwali linapobadilishwa, lakini haiwezi kugusa huduma inayodai idhini, na kalenda ni mojawapo. Ndiyo maana programu hufaulu ikiendeshwa kwa mkono, na hushindwa ikiachwa peke yake. Dawa yake ni kuweka kichochezi rasmi katika ukurasa wa vichochezi wa Apps Script. Hicho hutenda kazi kwa idhini ya mtu aliyekiweka, wala si ya mtu aliyeandika tarehe.

Hapo ndipo penye hatari kubwa kwa chama. Karani akikiweka kwa akaunti yake binafsi, kisha akaacha kazi na kuiondoa idhini yake, tarehe zitaacha kwenda, na huenda mwanachama asijue mpaka mkutano umepita. Kwa hiyo kalenda, jedwali na kichochezi viwe chini ya akaunti ya chama. Jina la anayeitunza liandikwe katika muhtasari wa kamati, na makabidhiano yake yafanyike kwa maandishi, pamoja na funguo na muhuri. Ikiwa akaunti zinasimamiwa na ofisi ya juu, huenda msimamizi amezuia programu za nje. Katibu asihangaike, bali apeleke ombi kwake.

Baada ya matengenezo, tarehe moja ya majaribio iandikwe, na mjumbe mwingine athibitishe kwamba ameiona. Hata hivyo tangazo la karatasi lisiondolewe ubaoni. Mwanachama asiye na simu ya aina hiyo ana haki ya kuarifiwa sawa na mwenzake, na hakuna programu inayompunguzia katibu wajibu huo.