Jogoo Wako Amerithi Nini?

Leo hatuendi shambani. Tunabaki hapa hapa uani tuwatazame kuku, na hasa jogoo.

Kuna jambo huwagombanisha majirani. Mama ana jogoo kishingo, yaani yule asiye na manyoya shingoni, na tetea wake naye ni kishingo. Vifaranga kumi wanaanguliwa, wakikua watatu wana manyoya shingo nzima. Basi maneno yanaanza: "Jogoo wa fulani ameruka ua!" Pengine huyo fulani anasingiziwa bure.

Kwa sifa kama hii, kifaranga hupokea chembe moja ya urithi toka kwa baba na moja toka kwa mama. Chembe ya kishingo ina nguvu kuliko ile ya manyoya. Kuku mwenye chembe moja tu ya kishingo, shingo yake huwa wazi, ila mbele, upande wa chini, utaona kishada kidogo cha manyoya. Mwenye mbili huwa mtupu kabisa au karibu na hapo. Kwa hiyo yule mwenye kishada amebeba pia chembe ya manyoya. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kwa wastani katika vifaranga wanne watatu watakuwa kishingo, na mmoja atakuwa na manyoya. Lakini jogoo na tetea wote wenye manyoya shingoni wakileta kishingo, hapo sasa una haki ya kuuliza jogoo wa nani alipita.

Hesabu hii aliivumbua mtawa mmoja wa mji wa Brno, Gregor Mendel, kwa kupanda njegere. Maandishi yake yalichapwa mwaka 1866. Alihesabu punje laini 5,474 na zenye mikunjo 1,850. Ni karibu tatu kwa moja, lakini si kamili. Nawe usitegemee itimie sawasawa katika vifaranga kumi.

Sasa tuje kwenye faida. Ukubwa na utagaji hauendi kwa chembe moja kama shingo. Chembe nyingi zinashirikiana, na chakula nacho kina sehemu yake kubwa. Hata hivyo njia ni ile ile, nusu kwa baba, nusu kwa mama. Jogoo hatagi, ndiyo, lakini amebeba chembe za utagaji za mama yake, na atawapa binti zake. Ukienda kununua jogoo, usitazame upanga na mkia tu. Uliza: mama yake hutaga mayai mangapi kabla ya kuatamia? Vifaranga wake hupona?

Hapa ndipo wengi tunajiumiza. Sikukuu ikikaribia, jogoo mkubwa ndiye mwenye bei, basi anakwenda sokoni. Anabaki yule mnyonge ambaye mnunuzi amemkataa. Na huyo mnyonge, kama una tetea kumi, ndiye baba wa vifaranga wote wa msimu unaofuata! Uza wengine, ndugu yangu. Yule bora mfunge kitambaa mguuni, watoto wasije wakamkamatia mgeni.

Ila naye asikae mpaka awapande binti zake mwenyewe. Baba na binti wana chembe nyingi zinazofanana, na kasoro iliyojificha kwa baba inaweza kukutana na mwenzake ikajitokeza kwa vifaranga: mayai hayaanguliwi, wengine wanadumaa. Mabinti wakikaribia kutaga, badilishana jogoo na mtu wa kijiji kingine. Huyo mgeni mtenge kwanza wiki mbili, asije akakuletea mdondo.

Na ukishamwondoa jogoo wa zamani, usiatamishe mayai haraka. Tetea huweza kutunza mbegu ya jogoo tumboni hata wiki mbili au tatu. Mayai ya siku hizo kula au uza; ya kuatamisha anza kuyaweka baada ya wiki tatu.